Mali Bila Daftari

Wapo watu wanaoamini kwamba mambo ya sayansi yana wenyewe. Ukiwaambia kuwa umewaza jambo juu ya nyota, au mashine, au mawimbi ya redio, hawakuulizi umewaza nini. Wanakuuliza umesoma wapi. Ukikosa chuo cha kutaja, mazungumzo yamekwisha. Wapo na wengine wa upande wa pili, ambao kila linalowajia kichwani kwao ni uvumbuzi, na asiyekubaliana nao ni mwenye husuda. Mimi si wa kundi la kwanza wala la pili. Nimefundisha historia katika shule za sekondari za pwani kwa zaidi ya miaka thelathini. Fizikia niliyo nayo ni ile ya kidato cha nne, tena imeingia kutu. Hata hivyo nawaza, na marafiki zangu wa barazani nao wanawaza. Katika insha hii nataka kutazama historia ya baadhi ya watu wasiokuwa na vyeo vya sayansi ambao waliwaza juu ya anga, tuone ni kitu gani kilichofanya mawazo ya wengine yaishi na ya wengine yafe.

Jibu langu nitalitoa mapema, ili msomaji apate nafasi ya kunipinga tangu mwanzo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikusudia mambo ya biashara: nani amekopa, nani amelipa, ghalani kumebaki nini. Naona methali hiyo inayafaa mawazo kuliko hata fedha. Wazo lisiloandikwa, na lisilopigiwa hesabu, hupotea na mwenyewe, hata kama lilikuwa jema.

Tuanze na Urusi. Konstantin Tsiolkovsky alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Izhevskoye. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alishikwa na homa kali ya vipele. Alipona, lakini masikio yake hayakurudi kuwa mazima. Shule ikamshinda kwa sababu hakuwasikia walimu, akawa anajisomea nyumbani. Alipofika miaka 16 babake alimpeleka Moscow, na huko hakuingia chuo chochote. Alishinda maktabani akisoma hesabu na fizikia, na chakula chake kikubwa kilikuwa mkate. Baadaye alipata cheti cha ualimu, akafundisha hesabu katika mji mdogo wa Borovsk, na kuanzia mwaka 1892 katika mji wa Kaluga. Alijitengenezea kwa mikono yake mabomba ya kusikilizia, yenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, ili aweze kuzungumza na watu.

Mwalimu huyu kiziwi wa mkoani aliwahi kukokotoa nadharia juu ya mwendo wa chembe za gesi, akaipeleka kwa chama cha wanasayansi mjini St. Petersburg mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wakamjibu kwamba jambo hilo lilikuwa limekwisha gunduliwa miaka mingi nyuma. Hebu fikiria, msomaji, umekesha usiku na mchana, halafu unaambiwa umekifikia kisima ambacho wenzako wamechota maji wakaondoka. Wengi wetu tungevunja kalamu. Lakini wale wataalamu hawakumdharau. Waliona kwamba mtu aliyeweza kufika hapo peke yake, bila mwalimu wala vitabu vipya, hakuwa mtu wa kupuuzwa, nao wakamtia moyo aendelee.

Akaendelea. Mwaka 1903 alichapisha makala iliyoonyesha kwa hesabu kwamba roketi inaweza kutoka katika dunia hii na kwenda angani. Kumbuka kwamba ni mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walipoirusha ndege yao ya kwanza yenye injini, na safari yao ndefu kuliko zote siku ile haikutimiza dakika moja. Wakati ndege haijajua kupaa, mwalimu wa Kaluga alikuwa anahesabu mafuta ya roketi. Kanuni yake ni chungu lakini ni ya kweli: ukitaka kuongeza kasi ya roketi kwa kujumlisha, mafuta huna budi kuyaongeza kwa kuzidisha. Ndiyo maana roketi inayosimama uwanjani karibu yote ni mafuta, na abiria ni kitu kidogo tu kilichokaa kileleni. Tsiolkovsky alifariki mwaka 1935 bila ya kuiona hata setilaiti moja. Setilaiti ya kwanza, Sputnik, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957, majuma machache tu baada ya kutimia miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake.

Wa pili ni Mwingereza, Arthur C. Clarke. Watu wengi wanamjua kwa hadithi zake za kubuni. Kabla ya vita vya pili vya dunia alikuwa karani wa ukaguzi wa hesabu serikalini, na wakati wa vita alikuwa katika jeshi la anga akishughulika na rada. Shahada ya chuo kikuu alikuwa hajaipata; aliipata baada ya vita. Oktoba 1945 gazeti moja la mafundi wa redio lilichapa makala yake fupi. Alieleza kwamba ukikiweka chombo juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia yenyewe inajizungusha, yaani karibu saa 24. Kwa hiyo mtu aliyesimama chini atakiona kimetulia mahali pamoja, kama taa iliyotundikwa darini. Vyombo vitatu vya namna hiyo, alisema, vingetosha kupeleka matangazo ya redio na televisheni karibu dunia nzima.

Kimo hicho hakukivumbua yeye. Mhandisi mmoja, Herman Potočnik, alikuwa amekikokotoa katika kitabu chake cha mwishoni mwa miaka ya 1920. Alichokifanya Clarke ni kukiona chombo kile kama mnara wa redio. Wala hakupatia kila kitu. Alidhani vituo hivyo vingekaliwa na watu, kwa kuwa redio za siku zile zilitumia vali za kioo zilizoungua mara kwa mara, na lazima awepo mtu wa kuzibadilisha. Transista ilikuwa haijagunduliwa. Lakini angalia alipovipanga vituo vyake. Kimoja alikiweka kwenye longitudo ya digrii 30 mashariki, kihudumie Afrika na Ulaya. Chukua ramani, msomaji, ufuate mstari huo mpaka ukutane na ikweta. Utajikuta pembeni mwa milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Yaani yule karani wa London alipotafuta mahali pa kutundika taa yake ya Afrika, aliitundika juu ya vichwa vya watu wanaosalimiana kwa Kiswahili sokoni, na wao hawakuwa na habari.

Mwaka 1964 setilaiti ya kwanza iliyotulia juu ya ikweta, Syncom 3, ilirusha picha za michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo. Mwaka 1970 kituo cha mawasiliano cha Longonot kilifunguliwa katika Bonde la Ufa, na simu za kwetu zikaanza kupanda mbinguni kabla ya kushuka London. Clarke hakupata hati ya uvumbuzi wala mrabaha. Kwa makala ile alilipwa pauni 15, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, tena kwa kucheka. Lakini jina lake limebaki, kwa sababu karatasi yake imebaki, na hesabu zake mtu yeyote anaweza kuzikagua.

Sasa niteremke nyumbani, maana jambo hili la anga lilifika pwani yetu kwa miguu yake. Kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Wataliano walisimamisha jukwaa la chuma baharini. Kiongozi wao alikuwa profesa na mwanajeshi wa anga, Luigi Broglio. Setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa hilo ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967. Kwa nini wasafiri kutoka Rumi mpaka Ngomeni? Sababu ni ileile ya ikweta. Dunia ikijizungusha, mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, bila kulipa nauli. Roketi inayoruka kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta inapewa kasi hiyo bure, kama mtu anayerukia gari kutoka juu ya gari jingine linalokwenda upande huohuo. Na kwa kuwa mbele yake kuna bahari tupu, vipande vinavyodondoka havimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inasherehekea miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani iliruka kutoka jukwaa lile, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kazi yake ilisaidia sana kuwafanya wataalamu waamini kwamba katika kundi la nyota la Cygnus kuna kitu kizito kisichotoa mwanga, kile kinachoitwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya nyota vya dunia nzima.

Marehemu kaka yangu aliishi Malindi miaka hiyo. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa kufungua kila kilichofungwa kwa skrubu. Roketi za Ngomeni alizitazama kutoka ufukweni, moshi mweupe ukipanda juu ya bahari, na tangu hapo hakuwa na mazungumzo mengine. Wazo lake kubwa lilikuwa kioo. Alisema, jua halizimiki usiku, limekwenda upande wa pili tu. Tukitundika kioo kikubwa juu kabisa, mahali ambapo kivuli cha dunia hakifiki, kitatuletea mwanga wa jua usiku, na mji mzima utaokoa mafuta ya taa. Alieleza jambo hili barazani kwa kutumia sinia na tochi, miaka ya sabini, na watu wakacheka sana.

Mtu mmoja tu hakucheka, mvuvi mzee wa Kipemba aliyekuwa ameweka dago upande wetu msimu ule. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Mwanangu, na dagaa tutavua usiku gani?” Kaka yangu akanyamaza. Dagaa huvuliwa gizani, kwa karabai. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haina maana na samaki hawakusanyiki. “Mzee wangu, hapo umenipata,” kaka akasema, “lakini nitakitafutia kioo namna ya kufunikwa.” Wakaendelea kubishana mpaka adhana ya isha.

Kaka yangu aliaga dunia mwaka 1989. Mwezi wa Februari 1993 niliketi nyumbani nikisikiliza redio, nikasikia kwamba Warusi wamekunjua kioo angani karibu na kituo chao cha Mir. Kioo hicho, kilichoitwa Znamya, kilikuwa cha utando mwembamba wenye upana wa mita 20, na kilimulika doa la mwanga la upana wa kiasi cha kilomita tano, likapita mbio juu ya Ulaya alfajiri ile. Nia yao ilikuwa siku moja waimulikie miji ya kaskazini ambayo majira ya baridi haioni jua. Walipojaribu tena mwaka 1999, kioo kilinasa kwenye antena kikaharibika, na mradi ukaishia hapo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Hermann Oberth, mmoja wa mababa wa roketi, alikuwa ameandika juu ya vioo vya angani tangu miaka ya 1920.

Kwa hiyo kaka yangu hakuwa wa kwanza, na hakuna aliyemwibia kitu. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya mazishi nilipekua sanduku lake lote nikitafuta chochote juu ya kile kioo, nikakuta risiti za vipuri na michoro ya saketi za redio za watu. Juu ya kioo hapakuwa na mstari hata mmoja. Watoto wake hawajui kwamba baba yao aliwahi kuwaza jambo ambalo taifa kubwa lilikuja kulijaribu. Mimi ndiye niliyebaki na habari hiyo, na mimi ni mzee.

Huenda msomaji atasema kwamba kuandika peke yake si dawa, na kwamba wapo walioandika na kutangaza wakachekwa hata zaidi. Ni kweli. Mfano ni Edward Makuka Nkoloso wa Zambia. Mwaka 1964, nchi yake ilipokuwa inapata uhuru, mwalimu huyu wa shule alitangaza kuwa ameanzisha chuo cha utafiti wa anga, na kwamba angempeleka mwezini msichana wa miaka 17 pamoja na paka. Aliomba pauni 7,000,000 kutoka UNESCO, asipate. Wanafunzi wake aliwabiringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta, na akawabembeza kwa kamba ndefu kisha akaikata kamba. Waandishi wa habari wa Ulaya na Marekani walikuja kupiga picha, wakacheka, wakaondoka. Wapo wanaosema kwamba Nkoloso, ambaye wakoloni walikuwa wamemfunga na kumtesa, ndiye aliyekuwa anawacheka wao.

Hilo silikati. Lakini yafaa kusemwa kwamba lile jambo la kamba halikuwa upuuzi. Anayeanguka hupoteza uzito kwa muda ule anapoanguka, na wanaanga wa Marekani walizoezwa kwa kanuni hiyohiyo ndani ya ndege zilizopanda na kushuka ghafla. Nkoloso alikuwa na kanuni sahihi na chombo duni. Kilichokosekana ni kile alichokuwa nacho Tsiolkovsky: roketi ya uzito gani, mafuta kiasi gani, kasi gani. Angeiweka hesabu hiyo mezani, waandishi wale wangelazimika kubishana na tarakimu badala ya kupiga picha pipa.

Na wanaocheka nao wanahitaji hesabu. Mwaka 1920 gazeti la New York Times liliandika tahariri ya kumdhihaki Robert Goddard, profesa wa Marekani, aliyesema roketi inaweza kufika mwezini. Tahariri ilidai kwamba angani hakuna hewa, kwa hiyo roketi haina cha kusukuma, na kwamba profesa huyo amesahau wanachofundishwa watoto wa shule. Tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuruka kuelekea mwezini, gazeti hilo lilichapa masahihisho. Goddard alikuwa amekwisha kufa tangu 1945. Tazama ajabu hii: safari hiyo mtaalamu ndiye aliyekuwa na hesabu, na watu wa kawaida ndio waliokuwa wanakisia, ila makisio yao yalivaa nguo za busara. Kusema “haiwezekani” nako ni kukisia, kama huna hesabu ya kukushikilia.

Nimekwisha kusema mara nyingi neno hesabu, na msomaji asiogope. Nyingi ya hesabu hizi ni za kugawanya na kuzidisha. Nichukue kile kioo cha kaka yangu. Jua tunaloliona si nukta. Lina upana, na upana huo ni kama sehemu moja ya 107 ya umbali wake kutoka kwetu. Kwa sababu hiyo, mwanga uliorudishwa na kioo bapa hutawanyika kadiri unavyosafiri, na doa lake chini haliwezi kuwa dogo kuliko umbali wa kioo ukigawanywa kwa 107. Tukikitundika kwenye kimo cha Clarke, kilomita 35,786, ili kitulie juu yetu usiku kucha, gawanya kwa 107 upate kiasi cha kilomita 334. Kioo cha kumulika Malindi peke yake hakiwezekani basi. Doa lake lingeanzia ng'ambo ya Lamu na kuishia kusini ya Mombasa, na wavuvi wote wa pwani hiyo wangenyang'anywa giza lao. Tukikishusha chini, doa litapungua, lakini kioo hakitatulia. Kitapita mbio kama kile cha Warusi. Swali la mzee wa Kipemba limepata tarakimu, na linazidi kuwa zito. Naamini kaka yangu angeifurahia hesabu hii kuliko sifa yoyote, kwa maana ingempa kitu cha kupambana nacho.

Barazani kwetu siku hizi kuna wazo jingine, la lifti ya kwenda angani. Nalo lina historia. Tsiolkovsky aliwaza mnara wa namna hiyo mwaka 1895, baada ya kuwaza juu ya mnara wa Eiffel wa Paris. Mwaka 1960 mhandisi mmoja wa Leningrad, Yuri Artsutanov, akaligeuza: badala ya kujenga kutoka chini, tuteremshe kamba kutoka chombo kilichotulia juu ya ikweta. Rafiki yangu mmoja, dereva mstaafu wa basi, anashikilia kwamba kamba hiyo ifungwe kwenye kilele cha Mlima Kenya, kwani uko karibu kabisa na ikweta na umekwisha kutufikisha mita 5,199 juu. Tulipiga hesabu. Mita hizo ni kama sehemu moja tu kati ya 7,000 za safari yote. Basi lake, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lingekwenda siku kumi na nane na nusu, mchana na usiku, kabla ya kufika kituo cha juu. Kamba ya chuma nayo ingekatika kwa uzito wake wenyewe kabla haijatimiza hata kilomita mia moja, na nyuzi mpya za kaboni, zenye nguvu kuliko chuma, hakuna bado aliyeweza kuzisuka ziwe kamba ya urefu unaotakiwa. Dereva hakukata tamaa. Alisema faida ya mlima si urefu, ni kwamba hewa ya huko ni nyepesi na sehemu kubwa ya mawingu iko chini. Hilo nalo tukaliandika.

Hesabu hutuepusha pia na manung'uniko ya bure. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Wengi waliuliza kwa uchungu: sisi tuliopewa ikweta na Mungu, kwa nini twende kuomba njia ng'ambo? Uchungu huo naufahamu, maana jukwaa la Ngomeni halijarusha setilaiti tangu mwaka 1988. Lakini Taifa-1 ni chombo cha kupiga picha za ardhi, na njia yake inapita ncha za dunia, kaskazini kwa kusini. Safari hiyo haipati faida ile ya kubebwa kuelekea mashariki. Anayetaka Ngomeni ifufuke, nami ni mmoja wao, ashike hoja ya zile setilaiti zinazohitaji ikweta, asishike hii.

Basi, si lazima mtu wa kawaida awashinde wataalamu ndipo mawazo yake yawe na faida. Tsiolkovsky aliambiwa amechelewa, Clarke alikosea juu ya vali, na kioo cha Warusi chenyewe kilinasa. Kilichowafaa ni kwamba waliacha kitu ambacho mwingine angeweza kukishika, akakipima, akakikataa au akakiendeleza. Baraza zetu zimejaa watu wenye akili za namna hiyo: mafundi, manahodha, wakunga, madereva. Wana maswali ambayo profesa aliyeko mbali hawezi kuyawaza, kwa sababu hajawahi kuvua dagaa. Wanakufa nayo.

Tangu nilipostaafu, barazani kwangu kuna daftari la kurasa 200. Kila wazo linaandikwa pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa. Chini yake linaandikwa pingamizi kubwa kuliko yote na jina la aliyelileta, kisha hesabu, kama tumeiweza. Ukurasa wa kwanza una kioo cha kaka yangu, na chini yake swali la mzee wa Kipemba, ambaye kwa bahati mbaya jina lake halikumbukwi na mtu. Pale penye hesabu nimeandika 334. Nafasi iliyobaki nimeiacha wazi, kwani yule dereva anasema kioo si lazima kiwe kimoja.